Kushusha picha za setilaiti kwa IP kupitia kituo cha ardhini: TCP inagota, tutumie nini?

anga_pwani:

Wakuu, habari za kazi.

Tuko kwenye usanifu wa kituo cha ardhini cha kupokea picha kutoka setilaiti ndogo iliyo kwenye obiti ya kilomita 550, inayopita karibu na ncha za dunia. Kituo kitakuwa pwani, latitudo ya nyuzi 3 kusini hivi, na dishi la mita 3.7. Njia ya kushuka ni S-band, megabiti 4 kwa sekunde. Njia ya kupanda ni biti 9600 kwa sekunde. Picha moja ni megabaiti 150.

Kompyuta ya setilaiti inaendesha Linux na ina anwani yake ya IP. Wazo letu lilikuwa chumba cha udhibiti, ambacho kiko Ulaya, kiivute picha moja kwa moja kwa scp kama kinavyovuta faili kutoka seva yoyote, na kituo kiwe ruta tu hapo katikati. Lakini mezani, modemu zikiwa zimeunganishwa kwa waya, kasi inagota kwenye megabiti 0.5 na ushee. Tumeongeza dirisha la TCP (kiasi cha data kinachotumwa kabla ya kungoja uthibitisho), tumebadilisha algoriti ya msongamano, hakuna kilichosogea.

Je, kuna namna ya kuirekebisha TCP, au tuiache? Na chini ya IP tutumie fremu (bahasha za data) za HDLC, zile za ruta za kawaida, au za CCSDS, viwango vya mashirika ya anga? Baadaye tutakodi kituo cha pili huko kaskazini ya mbali, kwa hiyo ningependa pia kujua chumba cha udhibiti kitaifuataje setilaiti inapohama kituo.

Doppla:

Mkuu, iacheni TCP ibaki ardhini. Hapo tatizo si umbali. Setilaiti ya km 550 ikiwa nyuzi 10 juu ya upeo wa macho iko km 1,815 kutoka kwenye dishi, yaani milisekunde 6 kwenda na 6 kurudi. Ikiwa utosini, kwenda na kurudi ni chini ya milisekunde 4. Kinachowakwamisha ni njia ya kushuka kuwa pana mara 417 kuliko ya kupanda.

Piga hesabu. Pakiti za baiti 1500 kwa megabiti 4 ni pakiti 333 kila sekunde. TCP ya kawaida hurudisha uthibitisho mmoja kwa kila pakiti mbili, kwa hiyo 167 kwa sekunde. Kila uthibitisho ni baiti 40, au 52 ukiwa na mihuri ya muda ambayo Linux huiweka bila kuulizwa. Biti 9600 zinabeba thibitisho 23 tu za baiti 52. Zidisha 23 kwa pakiti mbili za baiti 1500, utapata megabiti 0.55. Hiyo ndiyo namba mnayoiona mezani, na dirisha kubwa haliwezi kuibadilisha kwa sababu mtumaji anasubiri thibitisho zilizo kwenye foleni ya njia ya kupanda. Na hapo hamjatuma amri hata moja kwenda setilaiti.

Mpito bora kabisa, yaani muda setilaiti inapoonekana na dishi, ukihesabu kuanzia nyuzi 10, ni dakika 8. Kwa megabiti 0.55 mtashusha megabaiti 33. Na mkiwa karibu na ikweta, setilaiti ya namna hiyo mtaiona mara 2 au 3 tu kwa siku, na si kila mara itapita juu. Picha moja itawachukua siku mbili. (Kituo cha Luigi Broglio kule Malindi kinafaidi ikweta kwa sababu kinahudumia vyombo kama NuSTAR na IXPE, ambavyo obiti zake zinaambaa na ikweta na vinapita kila mzunguko. Yenu ni kinyume chake.)

Kuna kikwazo cha pili kinachowangoja mkitoka mezani. Kiwango cha makosa kikiwa biti moja katika milioni, pakiti ya baiti 1500 hupotea kwa asilimia 1.2 hivi. TCP huhesabu kila upotevu kuwa ni msongamano na kupunguza mwendo. Kwa safari ya milisekunde 12 ingevumilika. Lakini ukinyoosha muunganisho mmoja kutoka setilaiti hadi Ulaya, tuseme milisekunde 200 kwenda na kurudi, upotevu huohuo unaishusha hadi megabiti 0.65 hivi hata kama njia ya kupanda ingekuwa pana.

Kwa hiyo kateni safari vipande viwili. Kituo kiwe bandari: shehena yote ishushwe gatini maadamu meli ipo, malori ya kwenda bara yatapangwa baadaye. Wekeni seva yenye diski kituoni ipokee faili zima kwa UDP, isiyongoja uthibitisho, kisha ilipeleke Ulaya kwa TCP ya kawaida setilaiti ikishazama.

Kwa kipande cha angani someni Saratoga, itifaki ya kuhamisha faili. Iliandikwa na watengeneza setilaiti SSTL wa Guildford, Uingereza, kwa ajili ya setilaiti za Disaster Monitoring Constellation. Mojawapo, UK-DMC, iliyorushwa 27 Septemba 2003, ilikuwa na megabiti 8.1 kushuka na biti 9600 kupanda, hali karibu sawa na yenu. Walianza na CFDP, itifaki ya faili ya CCSDS, wakaiacha ili wapate kasi. Saratoga inatumia UDP, poti 7542, na ina aina chache tu za pakiti: BEACON ya kusema nipo, REQUEST ya kuomba faili, METADATA ya kulieleza, DATA zenyewe, na STATUS ambayo mpokeaji anaitumia kutaja mapengo. Setilaiti inamwaga DATA kwa kasi yote ya modemu bila kusubiri chochote.

Kwa namba zenu: megabaiti 150 kwa pakiti zenye baiti 1400 za data ni pakiti 107,000 hivi. Pamoja na vichwa vyake, mzunguko wa kwanza ni sekunde 310. Upotevu wa asilimia 1.2 unaacha mapengo kama 1,290. Kila pengo linatajwa kwa namba mbili za biti 32, yaani baiti 8, hivyo orodha nzima ni kilobaiti 10, sekunde 9 za njia ya kupanda. Kujaza mapengo hayo ni sekunde 4, na mzunguko wa tatu utakuwa na mapengo kama 15. Picha imekamilika na mpito bado una zaidi ya dakika mbili. Msiisubiri orodha hiyo hadi mwisho lakini. Mpokeaji atume STATUS ndogo kila sekunde chache, mapengo yazibwe faili likiwa bado linashuka.

fremu_na_biti:

Nakubaliana na Doppla. Kwenye fremu, uamuzi utategemea kituo chenu cha pili kuliko ladha ya mtu.

HDLC ndiyo iliyofungua njia hii. Mwaka 2000 NASA Goddard walipakia programu ya IP kwenye UoSAT-12, setilaiti ya SSTL iliyokuwa angani tangu Aprili 1999, wakapiga ping, wakalinganisha saa kwa NTP na kuhamisha faili kwa FTP. Walichagua HDLC yenye Frame Relay kwa sababu ruta yoyote ya dukani yenye poti ya siriali inaielewa. UK-DMC ilifuata njia hiyohiyo, na ndani yake ikabeba ruta ya Cisco, modeli 3251, kama jaribio la pembeni. Uzuri wake ni kwamba ukipoteza pakiti moja umepoteza hiyo tu, na kuchunguza hitilafu kunafanyika kwa vifaa vya kila siku.

Ila HDLC haisahihishi makosa, inayagundua tu na kuitupa fremu. Kisha kuna mambo matatu ambayo watu huyasahau. Mosi, inaingiza sifuri baada ya kila moja tano zinazofuatana, kwa hiyo data ya kawaida inanenepa kwa asilimia 1.6 hivi, na data mbaya kabisa kwa asilimia 20. Msihesabu muda wa mpito kana kwamba haipo. Pili, njia ikiwa haina cha kutuma inarudia 7E, 7E, 7E, na mrudio huo unamfanya mpokeaji apoteze mapigo ya saa ya biti. Lazima pawepo kichanganya biti (scrambler). Tatu, kichanganya kinachojisawazisha chenyewe, kama kile cha G3RUH kinachotumika sana kwenye redio za 9600, hugeuza kosa moja kuwa makosa matatu. Kwa HDLC tupu si neno, fremu ilikuwa ya kutupwa hata hivyo. Ila ukikiweka mahali pasipofaa ukilinganisha na kisahihisha makosa, kitakula nguvu yote ya usimbaji wako. Kwenye upokeaji, kisahihisha kitangulie, kifungua mchanganyo kifuate.

Kama modemu yenu inafanya usimbaji wa kusahihisha makosa ndani kwa ndani na kuwapa mkondo safi wa biti, wekeni HDLC juu yake, mmemaliza. Lakini vituo vingi vya kukodi vinategemea fremu za CCSDS, vinakupa data kwa SLE (utaratibu wa CCSDS wa kumfikishia mteja fremu) au kwa soketi ya TCP inayotoa fremu nzimanzima, wala havitabadilisha modemu kwa ajili yako. Mkienda huko, chukueni fremu za AOS au TM, aina mbili za CCSDS, na kila pakiti ya IP ifungwe kwenye pakiti ya Encapsulation kwanza. Utaratibu wake ni CCSDS 702.1. Fremu ya kawaida yenye usimbaji wa kusahihisha makosa wa Reed-Solomon (255,223) ya tabaka tano ni baiti 1115 za data, baiti 160 za ukaguzi, na alama ya mwanzo 1ACFFC1D ya baiti 4. Pakiti ya IP ya baiti 1428 itavuka mpaka wa fremu, kwa hiyo fremu moja ikiharibika unaweza kupoteza pakiti mbili. Hakikisheni programu inayotoa pakiti inajua kuitupa ile iliyokatika na kuanza upya kwenye kielekezi cha pakiti ya kwanza cha fremu inayofuata. Hapo ndipo programu nyingi zilizoandikwa kwa haraka zinapotoa takataka.

Swali langu kwako: hizo megabiti 4 ni kabla ya usimbaji au baada? Kama ni kasi ya angani, Reed-Solomon peke yake inawaachia 3.5. Mkiongeza usimbaji wa konvolusheni wa nusu, mnabaki na 1.74, na picha ya megabaiti 150 inahitaji sekunde 690. Haitoshi ndani ya mpito mmoja.

anga_pwani:

Asanteni sana, wakuu. Megabiti 4 ni baada ya usimbaji, data safi. Na kwa maelezo haya tutakwenda na AOS, maana kituo cha kukodi kinataka hivyo.

Tumeandika mpokeaji wa UDP. Modemu ya kupokea iko eth1, ya kurusha iko eth2, ni visanduku viwili tofauti. tcpdump inaonyesha pakiti zinaingia eth1, lakini programu haipati kitu. Tukiiendesha kwa njia nyingine, kupitia kompyuta moja ya kati, inapokea lakini pakiti zinakosekana kwa mafungu huku modemu ikisema makosa ni sifuri. Mnaonaje?

njia_tuli:

Hiyo ya kwanza ni rp_filter. Linux inaangalia: pakiti ya 10.77.0.2 (tuseme ndiyo anwani ya setilaiti) imeingia eth1, lakini njia ya kurudi kwa 10.77.0.2 iko eth2, basi ni ya uongo, itupwe. tcpdump inaiona kwa kuwa inasoma kabla ya ukaguzi huo. Wekeni `net.ipv4.conf.eth1.rp_filter=2`. Kernel huchukua thamani kubwa kati ya ile ya "all" na ile ya kiolesura, kwa hiyo mkitaka kuizima kabisa kwa 0 lazima mguse zote mbili. Kwa 2 inatosha kugusa eth1.

Mkiwa hapo, modemu zikiwa za Etheneti msitegemee ARP, itifaki ya kutafuta anwani ya kifaa. ARP inauliza upande mmoja na kungoja jibu upande huohuo, na kwenu hakuna upande huohuo. Andikeni jirani wa kudumu: `ip neigh add 10.77.0.2 lladdr` na anwani ya modemu ya kurusha, `dev eth2 nud permanent`.

Ya pili, mafungu yanayokosekana, ni bafa ya soketi, mahali pakiti zinapongoja programu izisome. Kwenye kernel nyingi kikomo cha kawaida cha `net.core.rmem_max` ni baiti 212,992. Kwa megabiti 4 mnaingiza baiti 500,000 kila sekunde, kwa hiyo bafa inajaa ndani ya sekunde 0.43. Diski ikisita nusu sekunde tu, pakiti zinamwagika ingawa redio ilizipokea salama. Pandisheni hadi 16777216, kisha programu iombe kiasi hicho kwa SO_RCVBUF, maana kupandisha kikomo peke yake hakubadilishi kitu. Mtapata nafasi ya sekunde 30 na zaidi. Thibitisheni kwa `nstat -az UdpRcvbufErrors` kabla na baada ya kila mpito. Namba hiyo ikipanda, kosa liko kwenye seva. Ikitulia huku hesabu ya fremu mbovu za modemu inapanda, nendeni kwenye antena. Ziandikeni zote mbili kwenye kumbukumbu ya kila mpito, mtaokoa mabishano mengi kati ya watu wa redio na watu wa programu.

Upande wa kupanda nao una mitego. Pakiti ya baiti 1400 kwenye biti 9600 inachukua sekunde 1.17, na amri yoyote iliyo nyuma yake inangoja. Punguzeni MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya eth2 hadi 256, hapo pakiti kubwa kuliko zote inachukua sekunde 0.21, na STATUS zigawanywe zienee humo. Foleni ya kiolesura nayo ifupishwe, isizidi pakiti 5 hivi. Ile ya kawaida ya 1000 itatuma STATUS za dakika nzima iliyopita. Amri za setilaiti ziwe kwenye tabaka la juu la `tc prio`. Kumbukeni IPv6 inadai MTU ya angalau 1280, kwa hiyo kwa kasi hiyo ya kupanda mimi ningebaki na IPv4 bila kusita.

Wekeni pia `ip route add blackhole 10.77.0.0/24 metric 4000` kwenye ruta ya kituo. Setilaiti ikizama na njia yake ikaondolewa, bila mstari huo pakiti zake zitafuata njia ya jumla na kwenda kuzurura kwenye mtandao wa mtoa huduma wenu.

Kuhusu vituo viwili: Mobile IP, inayoruhusu kifaa kuhama mtandao bila kubadili anwani, ilijaribiwa kwenye jaribio la CANDOS ndani ya chombo cha Columbia, safari ya STS-107, Januari 2003. Inafanya kazi, ila kwa setilaiti moja na vituo viwili ni mzigo. Ratiba ya mipito mnaijua siku kadhaa kabla. Jengeni handaki la WireGuard (njia iliyosimbwa juu ya intaneti) kutoka chumba cha udhibiti hadi kila kituo, na programu ndogo ibadilishe njia ya 10.77.0.0/24 sekunde 30 kabla setilaiti haijachomoza. Handaki lina MTU ya 1420, kwa hiyo chochote kinachotakiwa kupita moja kwa moja, kama telemetria ya papo hapo, kisizidi hapo. Pakiti za picha hazihusiki, zinaishia kituoni.

Na tafadhali, handaki si ulinzi wa setilaiti. Linalinda kipande cha ardhini tu. Yeyote mwenye dishi na kirushio cha masafa yenu anaweza kuipigia. Amri ziwe na sahihi ya ufunguo na namba inayopanda kila mara ili isiweze kurudiwa. Tangu 2007 UK-DMC ilionyesha IPsec, ulinzi wa pakiti za IP, inawezekana kwenye ruta iliyoko obitini.

anga_pwani:

rp_filter ilikuwa ndiyo, na namba ya UdpRcvbufErrors ilikuwa imepanda kweli. Shukrani nyingi.

La mwisho: faili likiishia nusu pwani na nusu kaskazini, nani anashona? Nimesikia wengine wanashauri DTN, mtandao unaovumilia kuchelewa na kukatika.

Doppla:

Mpokeaji wa Saratoga anayo ramani ya mapengo. Ihifadhini kama faili pembeni ya picha isiyokamilika, na mpito ukiisha vyote vipelekwe kwa rsync hadi chumba cha udhibiti. Chumba kinaituma ramani tu kwa kituo kinachofuata, ni kilobaiti chache, nacho kinaanza kwa kuomba mapengo yaliyobaki. Vipande vinashonwa Ulaya kwa nafasi ya baiti. Mwishoni hakikini cheksamu ya faili zima dhidi ya ile iliyo kwenye METADATA. Cheksamu ya UDP ni biti 16 tu, na kwa mamia ya maelfu ya pakiti kila siku haitoshi kuwa neno la mwisho.

DTN inafanya kazi hiyo kwa utaratibu rasmi. UK-DMC ilishusha bando (vifurushi vya DTN) za kwanza kutoka angani mwaka 2008, zikiwa zimebebwa juu ya Saratoga yenyewe, na picha ikagawanywa vipande. Toleo la zamani, RFC 5050, halikuwa na cheksamu yoyote na lilidai kila nodi iwe na saa sahihi, mambo mawili ya hatari kwenye setilaiti. RFC 9171 ya mwaka 2022 imeongeza CRC (namba ya kugundua makosa), na nodi isiyo na saa inaweza kuandika sifuri na kubeba umri wa bando badala yake. Kituo cha kimataifa cha ISS kinaitumia tangu 2016, na setilaiti ya PACE ya NASA, iliyorushwa Februari 2024, inashusha data zake kwa njia hiyo. Mkiwa na vituo vitatu au zaidi vya wamiliki tofauti, au mkienda Mwezini ambako kwenda na kurudi ni sekunde 2.6, ingieni huko. Kwa vituo viwili, ramani na rsync vinatosha, na hitilafu zake mtazielewa.

Kabla ya kupanda mnara, jaribuni yote mezani kwa netem, kiigizi cha mtandao kilichomo ndani ya Linux. Upande wa setilaiti: `tc qdisc add dev eth1 root netem delay 6ms loss 1.2% rate 4mbit`. Upande wa kituo: rate ya 9600bit na upotevu uleule. Zimeni kiolesura sekunde ya 200, katikati ya faili, kisha kiwasheni baada ya dakika 95, ambazo ni mzunguko mmoja wa obiti. Mpokeaji akiendelea pale alipoishia bila mtu kugusa kitu, zimeni tena, safari hii kwa kuchomoa umeme wa seva.